Kiangazi Si Msimu wa Kuandika

Chumba ninachoandikia kimeezekwa bati, na dari lake ni la ubao mwembamba. Hapa Tanga, kaskazi ikishashika mwishoni mwa Desemba, saa nne asubuhi chumba hicho hakikaliki. Januari na Februari joto hufika nyuzi 32 au 33 nje kivulini, na chini ya bati huzidi hapo. Miaka miwili mfululizo nilishindana nalo. Nilijifunga taulo bichi shingoni, nikatia miguu kwenye beseni la maji, nikaandika kurasa mbili kila siku. Niliamini hiyo ndiyo bidii.

Kurasa zile ndizo zilizonifunza ninalotaka kuwaambia ninyi mnaoandika riwaya ya kwanza au ya pili. Mhariri aliyeusoma muswada aliurudisha na maneno matatu ya penseli pembeni mwa sura ya nne: "Wahusika hawashiki kitu." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaketi na kalamu nyekundu, nikatia alama kila mahali ambapo mtu ameshika kitu: kisu, kamba, kikombe, mtoto, jembe. Sura ya kurasa 19 ilikuwa na alama tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa za simu. Watu wangu walikaa, walisimama dirishani, waliwaza, walikumbuka, walijibizana. Walikuwa wakiishi kama nilivyoishi mimi mle chumbani.

Tangu hapo, kiangazi siandiki riwaya. Vuli ikikatika nafunga muswada, na siufungui mpaka mawingu ya masika yaanze kukusanyika katikati ya Machi. Ni wiki kumi hivi. Katika wiki hizo nalima bustani ndogo nyuma ya nyumba, nafanya safari za karibu, na nasoma. Hii si likizo, na msiichukue kama likizo. Nachoka zaidi kuliko ninapoandika.

Kwanza muswada wenyewe. Ukiufunga, ufunge kwelikweli. Mimi nauchapa wote, nautia kwenye bahasha kubwa, napiga gundi, naandika tarehe, nampelekea dada yangu Chumbageni. Faili la kwenye kompyuta nalihamishia kwenye flashi, na flashi inaingia humo humo. Nakala ya usalama najitumia kwa barua pepe, nayo siifungui. Mwaka mmoja niliona uzito wa kulifuta faili kwenye kompyuta, nikalibakiza. Kufika Februari nilikuwa nimeigeuza sura ya kwanza mara sita, na nilipokuja kuzilinganisha niliona ile ya awali ndiyo iliyokuwa bora. Ukiwa na muswada karibu, utaurudia usiku, ukiwa umechoka, na mtu aliyechoka hubadilisha maneno tu. Hawezi kuona kwamba sura haina mikono.

Sasa bustani. Sisemi shamba. Yangu ina hatua sita kwa nne, na nilipoanza ilikuwa tuta moja la mchicha. Mwanzo mzuri ni huo kwa sababu mchicha haukuweki roho juu: siku ya nne au ya tano umeshachomoza, wiki ya tatu au ya nne unachuma. Mbegu zake ni ndogo mno, kama punje za baruti, na ukizimwaga kwa mkono mtupu zitaota rundo mahali pamoja na kwingine upara. Changanya na mchanga mkavu kwanza, ndipo utawanye. Hili nililiambiwa na mwanamke anayeuza mboga kwenye kona ya mtaa wetu, ambaye nilikuwa nikinunua kwake kwa miaka minane bila kumwuliza lolote zaidi ya bei.

Kiangazi adui ni jua. Mwagilia alfajiri, na tena jua likianza kulegea baada ya alasiri. Tandaza nyasi kavu kwenye tuta ili udongo usikauke. Bila matandazo utamwaga ndoo nne na kesho utakuta ardhi imepasuka. Samadi ya mbuzi iwe imekaa hadi ikapoa, maana mbichi huunguza miche. Vidukari wakija chini ya majani ya kunde, majivu ya jikoni yatakusaidia ukiwahi. Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage. Haya yote mwuza mboga yeyote atakueleza vizuri kuliko mimi, nami nayataja kwa sababu kila moja ni kazi ya mkono, na kila kazi ya mkono ina kitenzi chake. Kuatika. Kupunguzia. Kupalilia. Kung'olea. Kuchambua. Kupogoa. Niliandika riwaya mbili nzima ambamo kila mtu aliyekwenda shamba "alilima" tu, basi.

Kuna na saa. Hili ndilo bustani ilinipa ambalo sikulitarajia. Ua la bamia hufunguka asubuhi, la manjano mepesi na jicho la zambarau iliyoiva katikati, na kufika jioni limesinyaa. Ukitaka kuonyesha kwamba mtu amechelewa kurudi, huna haja ya saa ya ukutani. Mpitishe kwenye tuta la bamia.

Nililijua hili kwa aibu, na aibu hiyo ilianzia kwenye asumini. Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, na ua wake una mwasumini uliokomaa, mrehani, na mkilua mmoja ambao watoto wanakatazwa kuusogelea. Alasiri moja niliingia kumwomba kitawi cha mwasumini nipande. Nilimkuta kibarazani na ungo mapajani, anatunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usinizibie mwanga."

Nikakaa. Katika ungo mlikuwa na matumba meupe, marefu kidogo, yamefumba yote, mengine yana wekundu wa mbali kwenye kikonyo. Alikuwa anaokota moja, analigeuza kwa kidole gumba, anapitisha sindano kwenye kikonyo, si kwenye ua, analisukuma likutane na wenzake. Tumba lililoanza kufunguka aliliweka pembeni. Nikamwuliza kwa nini anayaacha yale mazuri.

"Mazuri yapi? Hayo yamekwisha. Asumini hutungwa matumba, mwanangu. Yafungukie kichwani kwa mwenyewe usiku, si kwenye ungo wangu."

Katika muswada uliokuwa ndani ya bahasha, sura ya pili, nilikuwa na biarusi anayeamka alfajiri, anachuma asumini yaliyofunguka, anayatunga mbichi kwa ajili ya usiku wa siku hiyo. Niliipenda sana aya ile. Msomaji wa mwambao angeifikia na kujua papo hapo kwamba mwandishi hajawahi kuketi karibu na mwanamke anayetunga maua. Na angekuwa sahihi. Nimezaliwa hapa, nimekulia kwenye harufu ya asumini, na sikujua saa yake.

Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi mnaoandika kuhusu kwenu: msidhani kuzaliwa mahali kunatosha. Tunavijua vitu vya kwetu kwa kuvipita.

Usiende bustanini na daftari. Mikono itakuwa na tope na utaacha kazi kila dakika ili uandike, mwisho hutalima wala hutaandika. Nenda ufanye kazi. Jioni, ukishaoga, andika mistari mitano, isizidi: nilishika nini, kilikuwaje mkononi, kinaitwaje, nani aliniambia, saa ngapi. Sentensi nzuri hazitakiwi hapo. Daftari langu la kiangazi kilichopita lina mstari huu wa tarehe 22 Januari: "Kamba ya ndoo imelainika mahali pamoja tu, pale kidole cha kati kinapokaa." Sikujua ni wa nini. Ulikuja kupata kazi yake baadaye.

Wengi wenu mtasema hamna uwanja. Mko Mbagala au Kariakoo ghorofani, mna ajira, mna watoto. Nalielewa, nami nilifundisha shule miaka kumi na minne huku nikiandika. Ndoo iliyopasuka, toboa chini, tia udongo na samadi, pandia mrehani au nyanya chungu, weka barazani. Wiki kumi za Jumamosi ni siku kumi. Mtu aliyeangalia mche mmoja kwa siku kumi amepata kitu.

Safari. Ushauri wangu ni mfupi: karibu, fupi, na swali moja. Niliwahi kujikusanya na kwenda siku tano mji mwingine mkubwa, na orodha ya mambo ishirini ya kuchunguza. Nilirudi na picha mia tatu kwenye simu na deni la nauli. Sasa siendi mahali nisipoweza kurudi siku hiyo hiyo, au kulala usiku mmoja tu, na naondoka na swali moja nililoliandika kwenye kiganja.

Pangani ni mfano. Ni kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga. Kila mwandishi anayekwenda Pangani anamtafuta Abushiri bin Salim, na ana haki: vita vyake vya 1888 dhidi ya Wajerumani vilianzia pale, na pale pale Wajerumani walimnyonga Desemba 1889. Lakini hayo yamo vitabuni na unaweza kuyasoma ukiwa kitandani. Kisichomo vitabuni ni kwamba mtu akishuka kwenye kivuko upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, anafanya nini kwanza. Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Nilikaa pale toka asubuhi hadi adhuhuri, nikinunua madafu mara kwa mara ili nisionekane mzururaji. Nikaona: wanawake wengi, mguu ukishagusa ardhi, hufungua kanga na kuifunga upya. Waendesha pikipiki huwasha injini kabla mlango haujakaa vizuri chini. Mzee mmoja aliyebeba jogoo alisimama, akamgeuza jogoo aangalie walikotoka, ndipo akaendelea na njia. Sikumwuliza kwa nini. Pengine ningemwuliza ningeharibu.

Mkonge nao nilikuwa nimeupita maisha yangu yote nikidhani naujua. Njia yote ya kwenda Muheza na Korogwe ni mistari ya mkonge. Kisha nikasoma kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani, na mkonge uliokuja kulisha mkoa mzima ukatokana na hiyo. Ukishakuwa na bustani, namba hiyo inakugusa kwa namna nyingine. Mimi miche 20 ya nyanya ikifa kumi na nane nakosa usingizi. Nilianza kumwaza mtu ambaye hakutajwa popote, yule aliyetwishwa ndoo ya maji na kuambiwa hii sitini na mbili isife. Nani alikuwa? Alilipwa nini? Alijua anamwagilia nini? Nilipokwenda kwenye shamba la mkonge swali langu lilikuwa la mikono tu: mkataji anaulinda vipi mkono wake na mwiba wa ncha? Kijana mmoja alinionyesha. Mwiba wenyewe unakatwa kwanza, kabla jani halijaguswa. Nikamwuliza kuhusu singa, yaani nyuzi za mkonge, zinazotoka korona, ile mashine ya kukwangua majani, akanishikisha fungu bichi lililokuwa bado linachuruzika maji ya kijani. Nililirudisha haraka, mikono ikawasha hadi usiku. Hilo nalo limo kwenye daftari.

Amani nakwenda mara moja kila kiangazi, kwa sababu ya baridi zaidi kuliko swali. Unapandia Muheza, barabara inakwea Usambara ya Mashariki, na unapofika juu unatafuta sweta. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902, na miti waliyoleta kutoka pande nyingi za dunia bado imesimama. Kwenye milima hiyo ndiko lilikotoka lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga, alituma mbegu zake kwao mwaka 1892, na jina lake la kisayansi likawa la kwake, Saintpaulia. Watu wa milimani walikuwa wakipita kando yake siku zote. Nikilifikiria ua hilo namkumbuka bibi na ungo wake.

Adabu ya safari: usijitambulishe kuwa mwandishi kabla hujaulizwa. Ukiulizwa, sema kweli. Nunua kitu. Ukioneshwa kazi, omba uijaribu, hata kama utashindwa. Picha piga moja au mbili, kwa ruhusa, kisha simu iingie mfukoni.

Kusoma kumebaki, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kiangazi sisomi riwaya mpya zinazozungumzwa. Saa saba hadi saa kumi, wakati huwezi kushika jembe, nakaa chini ya mwembe na vitabu vya aina tatu. Cha kwanza ni riwaya moja niliyowahi kuisoma nikaipenda, naisoma mara mbili, na mara ya pili na kalamu nyekundu, nikitafuta mikono. Cha pili ni kitabu cha kazi: mwongozo wa kilimo cha mboga, kijitabu cha uvuvi, chochote kilichoandikwa na mtu anayetaka jambo lifanyike sawasawa. Vijitabu hivyo vya bwana shamba vina Kiswahili safi sana, kwa sababu aliyeviandika alijua kuna mtu atapoteza mazao akikosea neno. Cha tatu ni kamusi. Ukurasa mmoja kwa siku, kwa sauti. Neno "tumba" lilikuwa kwenye kamusi miaka yote nikiwa na kamusi hiyo mezani, lakini lilinifikia kupitia ungo wa bibi, na nilipolikuta ukurasani nilihisi nimekutana na ndugu.

Kuhusu Shaaban Robert. Sisi wa Tanga tunamrithi, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, si mbali na hapa, na tunamtaja sana kwenye hotuba kuliko tunavyomsoma. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, kwanza katika forodha. Na mtu huyo wa dawati na mihuri ndiye aliyetuachia Utubora, kijana anayeacha kazi nzuri ya mjini na kurudi kushika jembe. Kitabu chenyewe, Utubora Mkulima, kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye kufariki. Nilikisoma shuleni kama mafundisho ya utu na nikajibia mtihani. Nilipokirudia nikiwa na malengelenge ya jembe kiganjani nilisoma kitabu kingine kabisa. Siwaambii nilichoona. Pateni malengelenge kwanza.

Machi ikifika, na usiku mmoja bati likaanza kugongwa na matone makubwa ya kwanza, kesho yake nakwenda Chumbageni kuchukua bahasha. Siifungui njiani. Nafika nyumbani, nasoma muswada wote kwa siku mbili bila kusahihisha hata nukta, ndipo naanza. Mwaka ule wa maneno matatu ya mhariri, sura ya nne ilikuwa na sentensi hii: "Zaituni aliketi kibarazani akimuwaza mumewe, ambaye hakuwa amerudi." Sasa inasema: "Zaituni alikuwa akichambua mchicha. Jani bovu alilitia kwenye ungo, zuri akalitupa, na alipotambua, kuku walikwisha kula nusu." Mume sikumtaja tena pale. Ile kamba ya ndoo iliyolainika mahali pamoja nimeipeleka kisimani kwa mama yake Zaituni, ambaye kidole chake cha kati kimepinda na hakuna mtu katika riwaya anayeeleza kwa nini.

Aya ya biarusi niliiandika upya yote, alasiri, kwa matumba. Nilipoimaliza nilivuka kwa jirani nikamsomea. Alisikiliza macho yamefumba, mikono imekaa juu ya ungo mtupu, maana mvua ilikuwa imeyapukutisha yote. Nilipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Huyu mwanamke wako, uzi kaupata wapi? Mbona hukusema?"

Nikarudi nyumbani nikaandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli: uzi.